Kwa Mwanaidi, kuhusu usiku ule wa Baba Mkubwa

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Alhamdulillahi, Baba Mkubwa ameruhusiwa kutoka hospitali baada ya kile kipindupindu, na ameanza uji. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: imekuwaje mtu ale chakula cha usiku akiwa mzima, alfajiri macho yawe yamezama na sauti imekauka, na bado daktari aseme utumbo wake hauna kidonda?

Ni kweli, hauna. Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utumbo. Wanajishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo ni protini ya vipande sita: vitano vinashika ngozi ya seli, cha sita kinapenya ndani, na balaa lote ni hicho. Ndani ya seli mna protini inayofanya kazi kama swichi. Huwaka, halafu hujizima yenyewe. Kile kipande kinaibandika kiraka kidogo cha kikemikali, basi haizimiki tena. Milango ya chumvi inabaki wazi, chumvi inamwagika utumboni, maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Seli yenyewe haifi, shoga. Inalazimishwa kumwaga bila kupumzika mpaka mwili unakauka.

Aliyethibitisha kwamba ni sumu inayomwaga maji hayo, si bakteria wenyewe, ni Sambhu Nath De, daktari wa Calcutta, India, mwaka 1959. Alichukua maji walimokuzwa bakteria, akayachuja asibaki hata mmoja, akayatia kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa huku na huku. Kikajaa maji. Inaniuma kwamba wengi wetu tunaofanya kazi maabara hatulijui jina lake.

Sasa yule jirani aliyekukataza kumpa Mzee maji, eti ataendesha zaidi. Usimwekee kinyongo, bibi yangu naye alituamuru vivyo hivyo. Ila seli ina mlango mwingine, unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na huo sumu haiugusi. Ukimnywesha vyote viwili, vinaingia na maji yanafuata, hata kama bado anaharisha. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, dripu zilimwishia Dilip Mahalanabis, akawanywesha watu mchanganyiko huo. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kwa hiyo usikose pakiti za ORS nyumbani, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikiisha, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vijiko visiwe na kilima. Anywe kidogo kidogo hata akitapika, na safari ya hospitali ianze hapo hapo, msingoje kuche.

Mwambie Mzee seli za juu za utumbo hubadilika kila baada ya siku chache, kwa hiyo zile zilizoshikwa na sumu zimeshatoka. Mwisho wa mwezi nakuja kumwona, na madafu yake nitayabeba mwenyewe.

Wako,
Zuhura