Abiria wawili kwa kiti kimoja: tusisingizie mtandao

Mhariri,

Abiria wawili wakikutana stendi na tiketi halali za kiti kimoja, karani husema mtandao ulisumbua, na magazeti huandika hivyo hivyo. Mimi ni mwandishi wa programu za tiketi za mabasi hapa Morogoro. Mara nyingi mtandao hauna hatia. Kosa limo kwenye msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya programu, tena mahali panapojulikana.

Kiti cha basi kina hali nne tu: kiko wazi, kimeshikiliwa, kimelipiwa, kimetumika. Yanayoweza kukipata ni matano: kushikiliwa, malipo kufika, muda wa kulipia kuisha, kughairiwa, abiria kupanda. Wenzangu wengi hawaziandiki hali hizo. Huweka alama tatu za ndiyo au hapana (kimeshikiliwa? kimelipiwa? abiria kapanda?), na masharti juu ya masharti. Alama tatu huzaa michanganyiko 8, na nusu yake haina maana: kiti hakijalipiwa, lakini abiria kashapanda!

Dawa yake ni mashine ya hali, yaani jedwali linalosema: ukiwa katika hali hii na likatokea jambo hili, nenda hali ile, vinginevyo kataa. Si jambo la jana. George Mealy aliandika kuhusu mashine za namna hii mwaka 1955, na Edward Moore 1956, wakati huo kwa ajili ya saketi za umeme.

Hali nne kwa mambo matano ni mistari 20. Kwenye kikao cha kupanga programu watu hutaja sita, ile ya kawaida. Ile 14 mingine ndiyo inayotuliza stendi. Mfano: muda umeisha, kiti kimerudi wazi, kimeuzwa kwa mwingine, ndipo taarifa ya malipo ya yule wa kwanza inaingia. Programu isiyouliza kiti kiko hali gani inatoa tiketi ya pili.

Kwa hiyo tunaandika kisaidizi, programu ndogo inayopitisha kila hali kwenye kila jambo na kuchapa mistari yote kwenye faili: "WAZI + MALIPO: KATAA, RUDISHA FEDHA". Mtu akishalisoma faili hilo na kuliidhinisha, linahifadhiwa pamoja na msimbo. Msimbo ukiguswa, kisaidizi huchapa upya na kulinganisha; herufi moja ikitofautiana, jaribio hilo linaanguka mpaka mtu aamue. Mwandishi wa programu Llewellyn Falco ana maktaba ya kazi hiyo, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na wengine, iitwayo ApprovalTests, kwa lugha kadhaa za programu. Tarehe na namba za muamala zibadilishwe kwanza kuwa alama zisizobadilika, la sivyo jaribio litaanguka kila siku na watu watazoea kugonga muhuri bila kusoma. Heri lisiwepo.

Uzuri wake ni kwamba hata asiyejua programu analisoma. Mfumo mmoja tulioukuta umeshaandikwa na wengine, tulichapa jedwali lake jinsi lilivyo, tukampa mhasibu wa ofisi, mama aliyeanza kazi na leja za karatasi. Kalamu yake ilisimama kwenye "KIMETUMIKA + GHAIRI: RUDISHA FEDHA". Akauliza, "Abiria kashashuka Dodoma, nauli anarudishiwa ya nini?"

Mwandishi wenu akienda stendi, amuulize mwenye mfumo: malipo yakiingia baada ya muda kuisha, fedha inakwenda wapi? Akitajiwa jedwali, aombe alione.

Mwandishi wa programu,
Morogoro