YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA AFYA ZA WATOTO WAKATI WA LIKIZO

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Ilemela, Mwanza.
Juni 2025

Ndugu mzazi/mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mitihani ya nusu mwaka imekwisha salama na leo tunafunga shule. Ripoti ya mtoto umeipata pamoja na barua hii. Isome, isaini, irudi naye tutakapofungua tarehe 8 Julai. Ratiba ya darasa la saba iko nyuma ya ripoti.

Kuna jambo la mtihani wa Sayansi ambalo ripoti haionyeshi. Swali moja liliwataka darasa la sita wataje njia za kujikinga na magonjwa ya kuambukiza, na karibu wote wamepata: kunawa kwa maji tiririka na sabuni, kuchemsha maji ya kunywa, kutumia choo, kuziba mdomo unapokohoa. Siku hiyohiyo, kengele ya mapumziko ilipogongwa, nilisimama nyuma ya ofisi nikawatazama wakitoka chooni. Kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kilikuwa na maji. Sabuni ilikuwa imebaki kamba tu. Binti wa kwanza alikanyaga kijiti, akalowesha ncha za vidole, akajifuta kwenye sketi, huyo akaenda kununua mihogo. Waliomfuata hata kijiti hawakukanyaga.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, kujua wanajua. Hata sisi tunajua. Mnakumbuka mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alivyotangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, tukafungua tarehe 29 Juni. Siku zile hata muuza vocha wa Kirumba alikuwa na ndoo ya koki na sabuni pembeni ya meza. Hofu ilipopoa, ndoo zikarudi kufulia nguo, na mikono nayo ikarudi ilikotoka.

Januari mwaka huu ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, simu yangu haikupumzika. Mliuliza kama mtoto aje shule, maana mabasi ya Bukoba, mkoa huohuo, yanashusha abiria stendi yetu ya Nyegezi. Siwalaumu, ugonjwa ule unaua na hauna chanjo iliyoidhinishwa. Lakini huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu, hausafiri na vumbi la basi, na tarehe 13 Machi mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Kuhara na homa ya matumbo hututolea watoto darasani kila masika, na kwa hilo sijapigiwa simu hata moja. Naona tunakiogopa zaidi kilicho mbali kuliko kilicho mtungini.

Likizo hii wengine watakwenda mwaloni kusaidia kuanika dagaa, wengine kwa bibi Ukerewe. Si vibaya, kazi nayo ni shule. Ila maji ya ziwa, hata yakionekana safi, yachemshwe mpaka yatokote ndipo yanywewe. Kwa kichocho sabuni haitoshi, kwa sababu vimelea vyake hutoka kwa konokono wa kandokando ya ziwa na kupenya kwenye ngozi mtoto anapooga au kucheza majini. Ukiona damu kwenye haja yake, kubwa au ndogo, mpeleke kituo cha afya. Akiharisha majimaji, mwanzishie ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji, na muondoke palepale, usingoje kupambazuke. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Na baba, kabla ya ugali nawa kwa sabuni mbele ya mtoto. Sisi walimu tumeambiwa hivyohivyo kikaoni, na wapo walionuna.

Kamati ya shule imekubali kila mtoto arudi na kipande cha sabuni ya mche. Hii si ada inayopitia dirishani, atakayekosa ataingia darasani kama wenzake. Vipande vitatobolewa na kufungwa kamba, kwa kuwa sabuni ya shule ikiachwa huru huota miguu. Mwalimu wa afya atavikagua kila asubuhi kabla ya mstari. Tunahitaji pia madumu ya lita 5 kwa ajili ya vibuyu chirizi vipya upande wa choo cha wasichana. Mwenye nayo ayalete hata kesho, mlinzi atayapokea.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu