Kabla Hujampa Fundi Hiyo Kompyuta

Tanga, Novemba 2025

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mtwara, wewe na shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, mama mkwe anaendelea na dawa zake na sasa anatembea mwenyewe hadi barazani. Barua yako niliipata. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hiyo habari ya kompyuta imetukalia nyumbani mwaka huu mzima, na sitaki upoteze hela wala picha zako.

Unasema yenu inachelewa kuwaka, inaganda katikati ya kazi, mara kioo kinakuwa cha bluu na mashine inajizima, na fundi ameshasema dawa ni kuipiga Windows 11 au kununua nyingine. Yetu ilikuwa hivyo hivyo kabisa. Hapo yamechanganywa mambo mawili, na kila moja lina tiba yake.

Moja ni umri wa Windows 10, mfumo unaoiendesha kompyuta yako. Ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba mwaka huu Microsoft wamefunga masasisho yake ya kawaida. Haizimiki, ukiiwasha kesho itawaka. Ila tundu la usalama litakalogunduliwa kuanzia sasa halitazibwa, labda ujiunge na nyongeza nitakayokutajia mbele, nawe unaingia benki na kuhifadhi vyeti vya watoto humo humo. Unakikumbuka kirusi cha WannaCry, Mei 2017, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa? Kiraka cha tundu lile kilitolewa Machi, miezi miwili kabla. Kirusi kilipita kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kiraka hicho. Kwa hiyo fundi wako kwa hilo hajakosea, hatua ni lazima uichukue.

Lakini kuganda kwa kompyuta yako hakukuletwa na Oktoba. Uliniambia tangu Pasaka kwamba inakusumbua. Huo ni ugonjwa wa pili, na nina wasiwasi mkubwa kuwa ni diski, pale kompyuta inapohifadhi mfumo na mafaili yote, kama kwetu.

Kuna programu ndogo ya bure, CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Ukiona rangi ya buluu, diski inajiona nzima. Ya njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Yetu ilikuwa ya njano. Diski hizi za zamani zina sahani ndani, zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sehemu zake zikianza kuharibika, kichwa cha kusoma kinarudia rudia pale pale kikitafuta data, huku kompyuta yote ikisubiri. Ndiyo kule kuganda. Sasa mtu akikupigia Windows mpya juu ya diski hiyo, anapaka rangi nyumba ambayo msingi wake umetitia. Utafurahi wiki kadhaa, halafu utaanza upya, na safari hiyo huenda picha zisiwepo.

Na hapa ndipo ninapokusihi sana, shoga yangu. Mafaili kwanza. Mfumo wowote unaweza kupakuliwa tena kesho, lakini picha za marehemu baba yako na zile sauti za bibi ulizorekodi Lindi hazipakuliwi popote. Diski ikishaonyesha njano, usikubali mtu aanze kuifanyia ukaguzi mrefu wa kuitengeneza, maana kila saa ya kuisumbua inaisogeza karibu na mwisho wake. Nakili kwanza vya thamani, vikubwa vya kuangalia tu kama sinema viache mwisho. Nunua diski ya nje au hata flashi kubwa mbili. Ukimaliza, peleka kwenye kompyuta nyingine uyafungue mafaili kadhaa kwa macho yako. Wengi huona jina la folda limehamia wakadhani kilichomo kimehamia nacho.

Usisahau pia vitu vinavyojificha: mafaili yaliyotapakaa kwenye uso wa kompyuta, folda ya vilivyopakuliwa, barua pepe kama mnatumia programu ya kuzihifadhi ndani, na nywila ambazo kivinjari kinakukumbukia. Hizo nywila huwa mtu anazijutia wakati kila kitu kimeshafutwa. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli ya Windows ya kuficha data, tafuta ule ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi kabla fundi hajagusa chochote.

Sisi Windows ilikuwa inaganda hata wakati wa kunakili, kwa hiyo kijana wa jirani alituwashia kompyuta kwa Linux Mint, mfumo mwingine unaoweza kushika nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi. Hilo sikulijua kabla: mfumo mzima unaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski. Tukafungua folda zetu kupitia huko tukazitoa zote taratibu. Nililia, sikufichi, nilipoiona harusi ya dada yangu inafunguka kwenye diski mpya.

Baada ya hapo tuliweka SSD, diski ya aina mpya. Haina sahani wala kitu kinachozunguka, na kwa mashine ya miaka kama yetu hakuna mabadiliko mengine yanayoonekana haraka kama hayo. RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, tuliongeza ikatoka GB 4 kuwa GB 8. Ukifanya mawili haya tu, hata kabla ya kubadili mfumo, utadhani umenunua mashine nyingine.

Ndipo swali la mfumo. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka), kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, isiyo ya zamani. Kwa Intel karibu zote ni kuanzia kizazi cha 8. Angalia jina la prosesa yako: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, na i5-10400 ni cha 10, unasoma mwanzo wa namba baada ya kistari. Kama yako ni ya 8 kwenda mbele na bado inakataliwa, huenda TPM imezimwa tu kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, kwa Intel inaitwa PTT. Iwashwe, uhamie Windows 11 kihalali, mambo yaishe.

Prosesa yetu ni ya kizazi cha 6. Fundi aliyekuja alitaka kutumia njia ya kuruka ukaguzi wa masharti hayo. Inawezekana, ninajua, lakini Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu yenyewe ya kuhama! Nilimkatalia. Nitamkatalia mwingine pia.

Tukachagua Mint. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029, ni bure, na faili lake la kupakua ni karibu GB 3, kwa hiyo tafuta bando la usiku. Menyu iko chini kushoto kama mlivyozoea. Watoto walishika siku ya kwanza. Baba yao ilimchukua muda zaidi, hasa kutafuta mahali mafaili yalipo. Printa ilijitambulisha yenyewe. Kazi za shule, vikao vya mtandaoni, video, vyote vinakwenda. Programu zake za ofisi, za kuandika na kupanga majedwali, ni LibreOffice, ambayo unaweza kuiongezea kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na hilo limenigusa moyo kwa namna yake, maana mwaka 2004 ni Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilichotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. LibreOffice imetokana na hiyo OpenOffice.

Sikwambii Mint inamfaa kila mtu. Shemeji kama anatumia programu ya hesabu za duka ya Windows pekee, au yale majedwali ya Excel yenye vitufe vya kujiendesha, usimlazimishe, atateseka bure. Kwa mtu huyo kuna mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Fungueni sehemu ya Windows Update muone kama mmepewa nafasi ya kujiunga. Mwaka huo utumike kutafuta mashine ya mtumba yenye kizazi cha 8 au zaidi, bila haraka na bila kukopa. Nayo mkiinunua, diski yake ipimwe hapo hapo dukani.

Jambo la mwisho ni umeme. Usikubali kazi hii ianze bila UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, au kama ni laptopu, bila betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa. Kukatika katikati ya kupiga mfumo ni usumbufu, unaanza tena. Kukatika wakati BIOS inasasishwa kunaweza kuiua bodi kuu ya kompyuta. Sisi tuliazima UPS kwa jirani na tukafanya asubuhi mapema.

Mwambie fundi asubiri hadi Jumamosi. Nitumie picha ya ukurasa wa CrystalDiskInfo na jina kamili la prosesa, nitakupigia jioni tuangalie pamoja kipi kinawafaa. Na leo hii, kabla hujalala, nakili zile sauti za bibi.

Wanangu wanamsalimia mama yao mdogo, wanauliza Desemba mnakuja au hamji. Msalimie shemeji sana.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.