Ile bastola si kazi ya Colt peke yake

Bwana mhariri, jambo kutoka Lubumbashi. Ile picha ya bastola ya zamani ya kulenga shabaha muliyoweka, mukasema Colt, ile kampuni ya bastola ya Marekani, ndiye fundi kwa sababu jina yake iko pale pembeni, hapana kabisa! Colt alitoa M1911A1, bastola ya kawaida ya jeshi ya Marekani, fundi mwingine aliyekuja nyuma yake ndiye alikaza vyuma visichezecheze. Muangalie herufi NM (National Match, ni kusema ya mashindano ya taifa) kwenye mtutu na kile chuma cha juu kinachoteleza, hiyo mara mingi ni kazi ya Springfield Armory, karakana ya silaha ya serikali ya Marekani, miaka ya 50 na 60, kwa mashindano ya kulenga shabaha ya Camp Perry, kule Ohio. Kama hiyo NM haiko, mufungue vibao vya mshiko, mafundi wengine waligonga alama mule chini. Mimi ni ajusteri, fundi wa kusawazisha vyuma kwa tupa, alama ya tupa ya kila mutu naijua. Ila mtutu unabadilishwaka, NM moja haitoshi.