Risala ya Klabu ya Sayansi na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Karibu sana.

Mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za barafu ya bahari za ncha za dunia, Aktiki kaskazini na Antaktika kusini. Wapo waliotuuliza: Moshi na Aktiki wapi na wapi? Tuliwajibu kwa vitendo. Kwenye meza yetu uliona vikombe viwili vya maji. Katika cha kwanza barafu ilielea. Ikayeyuka yote, maji yakabaki palepale kwenye alama ya kalamu. Katika cha pili barafu ilikaa juu ya jiwe. Ilipoyeyuka, maji yakavuka alama. Ndiyo maana kinachotutia hofu kwa ndugu zetu wa Pangani na Tanga ni barafu ya nchi kavu, ya Greenland na Antaktika.

Ile inayoelea nayo ina kazi yake. Weupe wake hurudisha angani miale mingi ya jua. Ikitoweka, bahari hunyonya joto hilo na kuyeyusha barafu zaidi. Setilaiti zinaipima mfululizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Septemba 2012 barafu ya Aktiki ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi.

Kilichotugusa zaidi ni subira ya watafiti. Mwaka 2019 meli ya Ujerumani, Polarstern, iliachwa kwa makusudi inaswe na barafu ya Aktiki, ikachukuliwa nayo miezi mingi huku wanasayansi wakipima barafu, maji na hewa, hata katika majira ambayo jua halichomozi kabisa.

Kilimanjaro nayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililopimwa mwaka 1912. Sababu zake hazifanani moja kwa moja na za Aktiki, kwani huku ukavu wa hewa na uhaba wa theluji vina mchango mkubwa. Bila vipimo vya 1912 tungebaki kubishana.

Mheshimiwa, sisi mvua tunaipima kwa chupa ya maji iliyokatwa. Tunaomba utusaidie kupata kipimamvua, vipimajoto viwili na kisanduku cheupe cha kuviwekea. Daftari tunalo tayari, na kila Kidato cha Nne kitawakabidhi wadogo zao.

Tunaomba kuwasilisha.