Rangi ikitoweka, sumu yaweza kubaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu kuhusu bakteria wanaosafisha majitaka ya viwanda vya nguo. Habari zao huandikwa kwa shangwe, na mara nyingi picha ni ileile: chupa mbili, moja ya maji mekundu kama damu, nyingine ya maji maangavu. Mimi ninaiamini kazi ya bakteria hawa, na ndiyo maana picha hiyo inanisumbua.

Rangi nyingi zinazotumika viwandani ni za jamii ya azo. Katikati ya molekuli yake kuna atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana, na kiungo hicho ndicho chanzo cha rangi tunayoiona. Zimetengenezwa zisichujuke kwa jua, jasho wala sabuni. Uimara huohuo ndio unaozifanya zidumu mtoni. Ile isiyoshika kwenye uzi huondoka na maji ya kusuuzia, na hata miligramu moja katika lita moja ya maji yaweza kuonekana kwa macho.

Katika tangi lisilo na hewa, bakteria kama Shewanella na Enterococcus hukikata kiungo hicho kwa kukipelekea elektroni. Oksijeni ikiwemo, huzidaka yenyewe elektroni hizo, na rangi nyingi hubaki kama zilivyokuwa. Kiungo kikikatika, maji yanang'aa. Hapo ndipo makofi yanapopigwa.

Lakini molekuli imevunjwa tu, haijaisha. Vipande vyake ni amini za aromatiki, yaani kemikali zenye naitrojeni iliyoshikana na pete ya kaboni, na baadhi ni hatari kuliko rangi yenyewe. Benzidini, mojawapo, husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Umoja wa Ulaya ulipozuia baadhi ya rangi za azo kwenye nguo zinazogusa ngozi, kwa agizo la mwaka 2002, kigezo chake kilikuwa amini ambazo rangi hizo zaweza kuzitoa zikivunjika. Maji mekundu hakuna anayeyachota akanywa. Haya maangavu, nani atayaogopa?

Dawa ipo, nayo ni bakteria haohao na wenzao, ila katika tangi la pili linalopulizwa hewa. Humo amini nyingi huliwa polepole, na zikivunjwa hadi mwisho hubaki kabonidayoksaidi, maji na chumvichumvi. Si zote zinazokubali. Zile zenye kundi la salfoneti, yaani salfa iliyoshikana na oksijeni, ni kaidi, na nyingine zikikutana na hewa hujiunga upya na kuyarudishia maji rangi ya kahawia. Tangi hili hula umeme, linataka muda na mtu wa kulikagua kila siku. Nina hofu kwamba ndilo litakaloachwa kwanza bajeti ikibana.

Tena maabarani hutumika mara nyingi rangi moja katika maji matulivu, ilhali maji ya kiwandani hutoka ya moto, yamejaa chumvi na magadi, na kila zamu huja na rangi yake. Bakteria waliozoea hali moja hufa au hulegea. Hulegea pia wakikosa chakula, maana rangi peke yake haiwashibishi. Hapa kuna jambo moja zuri ninalotamani lizungumzwe zaidi: wanga unaopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufumwa, ambao huoshwa na kumwagwa, waweza kuwa chakula chao. Uchafu wa idara moja ukalisha wasafishaji wa idara nyingine.

Ombi langu kwa waandishi wako ni hili. Mtakapoonyeshwa tena chupa ya maji maangavu, ulizeni kama amini zimepimwa, na ni kiasi gani kilichobaki. Ulizeni kama samaki waliwekwa humo, na waliishi siku ngapi. Ulizeni pia tope linalobaki chini ya tangi linapelekwa wapi, kwa kuwa rangi nyingine hunata humo bila kuvunjwa kabisa. Majibu hayo yachapisheni pembeni mwa picha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi