Barua ya wazi kwa dada yangu: binti yangu alidhani unajua

Dada,

Assalaam aleikum. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hapa, ambapo wanao watakusomea upende usipende.

Nimesikia harusi ya binti yetu imekaribia. Nasema binti yetu kwa sababu, ingawa ulimzaa wewe, nimembeba mgongoni mimi, hilo huwezi kulikana. Nimesikia pia kwamba ukiulizwa mbona sionekani, unajibu nimekata undugu kwa ajili ya maneno ya mtoto wangu. Maneno gani? Mtoto hakufungua kinywa siku ile, na hapo ndipo palipoharibika.

Hitima ya mama, nyumba imejaa mpaka darini. Ule mkoba wa dhahabu za mama ulikuwa kwenye kidaka cha juu ukutani. Uliuweka kwa mkono wako, kisha ukapanda jikoni kutazama pilau. Shangazi akaona wageni wanapita huku na huku, akautoa, akautia kashani, akafunga, akaenda zake kuswali. Binti yangu yuko pale kitandani, ameona yote. Ukarudi, ukatia mkono kidakani, hamna kitu. Ukamuuliza nani kaingia humu. Akakutazama. Ukauliza tena, sasa kwa ukali, akainamia mwanasesere wake. Ndipo ukasema, mbele ya wanawake waliokuja kutuhani, na mama yetu hata wiki hana kaburini: "Mwizi mdogo ana mkubwa wake."

Shangazi alipomaliza sala mkoba ukaonekana. Ukacheka, ukasema haya, chakula kipo tayari. Wewe ulikula.

Usiku nikamuuliza mtoto mkoba wa bibi ulikuwa wapi. "Kashani." Mbona basi hukumwambia mama mkubwa? Akanishangaa mimi. "Ayua." Yaani unajua.

Alikuwa na miaka mitatu na miezi kidogo, dada. Wewe uliyelea sita hukuwahi kuliona jambo hili? Mimi hapa Malindi nafundisha chekechea, naliona kila mwaka. Huwaonyesha watoto mkebe wa biskuti uliofungwa, nikauliza kuna nini ndani. Wote: biskuti! Nafungua, wanakuta nyuzi na sindano, kama mkebe wa kila mama pwani hii. Naufunga tena, nauliza: mwenzenu aliye nje, hajauona ndani, akiingia atasema una nini? Wa miaka mitatu wengi watakwambia "nyuzi". Na wewe mwenyewe, kabla sijafungua, ulidhani una nini? "Nyuzi." Hawadanganyi. Wakishajua kitu, hawaoni kwamba kuna asiyekijua, hata kama huyo asiyejua ni wao wenyewe wa dakika moja iliyopita.

Michezo ya namna hii sikuibuni mimi. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walitoa utafiti wa mtoto wa hadithi aitwaye Maxi, aliyeweka chokoleti yake kabatini akatoka kucheza. Nyuma yake mama akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Watoto wadogo walionyesha pale ilipo sasa. Ni mpaka mtoto akaribie miaka minne, mitano, ndipo anapoona kwamba Maxi ataenda pale alipoiacha, kwa sababu kichwani mwake bado ipo hapo. Kidaka na kasha, dada, hakuna tofauti.

Najua utasema hayo ni mambo ya watoto wa Kizungu. Basi mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walitoa utafiti walioufanya kwa watoto wa kabila la Baka, kule msituni Kamerun, na badala ya chokoleti palikuwa na kokwa za embe. Mpishi akatoka, mtoto akazihamisha mwenyewe, akaulizwa mpishi akirudi atazitafuta wapi. Wengi wa wale wakubwa, wa miaka mitano hivi, wakajibu sawasawa. Wadogo bado walikuwa wakijikwaa.

Mwanao mdogo, nakumbuka, alikuwa anaficha mkate wa sinia chini ya mto kabla hajatimiza minne. Ulimsifu akili. Ni kweli zipo tafiti, tangu 1994, zilizoonyesha kwamba wenye ndugu nyumbani huwahi kulielewa jambo hili. Nani asingewahi, na ndugu watano wanamvizia? Wangu alikuwa peke yake, na baba yake yuko baharini.

Niweke wazi na upande wako. Mwaka 2005 Kristine Onishi na Renée Baillargeon walionyesha kuwa hata wa miezi 15 hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi wakimwona mtu anatafuta kitu mahali asipoweza kujua kwamba kipo. Wataalamu wanabishana mpaka leo maana yake ni nini. Lakini kukodoa macho ni kitu kimoja, na kujibu mtu mzima anayekufokea siku ya msiba ni kingine. Ujanja uliomtuhumu nao unataka mtu ajue kwanza kwamba wewe hujui. Yeye hilo hakuwa nalo. Ndiyo maana sikubaki mpaka arubaini, na ndiyo maana zile pesa zako nilizituma kwa mkono wa shangazi. Mtu yeyote mwenye mtoto angefanya vivyo hivyo.

Na bado wewe ndiye uliyenishika mkono kwenda chuo cha Kurani, nikilia njia nzima. Sijasahau. Nikipika samaki wa kupaka bado napika kwa kipimo chako.

Sasa ana miaka saba. Juzi, napanga vitabu, akaniuliza: "Mama mkubwa adhani sisi twadhani yeye ni mbaya?" Hiyo ni hatua nyingine, huja umri huo huo wa sita, saba: kuwaza anachowaza mtu juu ya mawazo ya mwingine. Nilimwambia akuulize wewe mwenyewe.

Mimi usiniombe radhi. Mwambie yeye, chumba kile kile, shangazi akiwepo na wale majirani waliosikia, kwamba hakuiba na hakuficha. Fanya kabla ya siku ya hina. Ukikubali, mtumie shangazi neno, nasi tutapanda basi la alfajiri mpaka gatini Mokowe. Mwanao mkubwa aje atupokee na boti, maana mizigo itakuwa mingi. Sare za harusi niwekee mbili. Ya kwake ipimwe kwa mtoto wa miaka tisa, amerefuka kama baba yake.